Mapeasi ya Augustino na maembe yetu

Shosti wangu,

Tanga mpo? Watoto hawajambo? Mimi nipo tu hapa Bagamoyo. Juzi nilikuwa namsubiri mtu pale misheni chini ya miembe, bando limekata, nikamuomba dada niliyekaa naye benchi moja kitabu chake nipoteze muda, kumbe ni Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Nikasema hapa nasinzia. Wee, sikusinzia!

Unakumbuka maembe ya yule mzee tuliyoiba tukiwa la sita? Mabichi, makali, na kwenu yapo yameiva tele lakini bado tukaruka ukuta. Basi huyu bwana naye, ana miaka 16, katoka usiku na wenzake wakautikisa mpeasi wa watu (mapeasi kama hayo yanayoshuka kwenu kutoka Lushoto), wakabeba mzigo mzima, wakaonja kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. Zaidi ya miaka 25 baadae, keshakuwa askofu, anakaa kujiuliza niliiba ya nini wakati nyumbani nina mazuri kuliko yale. Anasema aliupenda wizi wenyewe, tena angekuwa peke yake asingeenda. Yaani ni kampani tu! Nikakukumbuka wewe.

Na mimi siku zote najua ni mzee wa Kizungu, kwa zile picha. Kumbe kazaliwa Thagaste mwaka 354, leo ni Algeria, na kasoma Kartago, Tunisia hiyo.

Ila aliyeniliza ni mama yake, Monika. Mtoto anaishi na mwanamke bila ndoa, kazaa nae, kaingia dini ya Wamanikeo (wale wanaosema nuru na giza vinapigana), mama analia tu miaka nenda rudi, akamganda askofu mmoja aongee nae mpaka askofu akachoka akamwambia nenda zako, mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Siku Augustino anaondoka kwenda Roma kamdanganya mama kwamba anamsindikiza rafiki anayesubiri upepo, mama kakesha anasali karibu na bandari, kunakucha chombo hakipo. Mama yangu mimi angenilaani hapohapo. Yeye kamfuata mpaka Milano! Akamuona anabatizwa na Ambrosi, askofu wa huko, Pasaka ya 387, na mwaka huohuo akafia Ostia, bandari ya Roma, wakiwa safarini kurudi Afrika.

Kuna sehemu hatuelewani mimi na Augustino, eti hata kichanga akililia ziwa tayari kuna dhambi humo, hapo nilitaka nikifunge. Wewe umelea watatu, utaniambia.

Dada kaniachia kitabu mpaka Jumapili. Halafu nilipita kwa yule mzee jana, mwenyewe si alishafariki, ila mwembe upo. Maembe yamedondoka kibao, hakuna hata mtoto anayeokota.

Nisalimie wote hapo.

Mimi wako wa ukutani