Kabla ya kulipia Moulin Rouge

Mhariri,

Msafiri aliyehangaikia viza ya Schengen mpaka akaipata, akishafika Paris huuliza kama onyesho la Moulin Rouge, jumba la dansi na burudani la jijini humo, lina thamani ya fedha zake. Sisi tunaopanga safari tunajibu hivi: linafaa kwa mpenda dansi atakayelipia onyesho peke yake. Kwa anayefuata chakula kizuri, au anayesafiri na wakwe zake, tunasema aache.

Hilo la wakwe si utani. Katika baadhi ya michezo wasichana hucheza vifua wazi, na mawakala wengi hawalitaji hadi mteja ameshakaa kitini na mama mkwe ubavuni. Mteja aambiwe kabla hajatoa hata senti. Watoto wa chini ya miaka 6 hawaruhusiwi kabisa.

Kiti cha onyesho tu huzunguka euro 100, kikipanda msimu wa likizo. Pamoja na chakula cha jioni, bei hupita euro 200. Ukumbi unachukua watu wapatao 850, na jiko lazima liwalishe wote waliolipia kati ya saa 1 usiku na saa 3 pazia linapofunguliwa, kwa hiyo usitegemee sahani ya mgahawa mzuri wa mtaani. Anachonunua mla chakula hasa ni nafasi: yeye huingia kwanza, wengine hupangwa baadaye. Meza ni ndefu, zimeelekezwa jukwaani, unabanana na usiowajua na kutazama shingo imegeuka upande. Mwenye maumivu ya shingo au mgongo ana sababu ya kulipa zaidi. Wengine waende kula kwingine, kisha wawahi foleni nusu saa kabla ya milango kufunguliwa.

Tiketi nyingine zina nusu chupa ya shampeni ndani yake. Asiyekunywa pombe achague isiyo na kinywaji. Na saa ziangaliwe vizuri: 21:00 ni saa 3 usiku, 23:00 ni saa 5. Wapo wanaochanganya, na mlangoni hakuna wa kumbembeleza.

Jukwaani mambo ni mazito. Onyesho la sasa, Féerie, linachezwa tangu 1999, na wasanii wapatao 60 na mavazi takriban 1,000 ya manyoya na vito. Lugha haikupi shida, maana hakuna mazungumzo ya kufuatilia. Ngojea kan-kan: sketi za rangi za bendera ya Ufaransa zinapepea, mguu unapanda hadi sikioni na kuzungushwa, kisha mchezaji anaruka juu na kutua sakafuni miguu imetanuka msamba, huku wenzake wakipiga kelele. Dansi hii ndiyo iliyolipa jina jumba hili tangu lilipofunguliwa Oktoba 1889, na hapo ndipo euro 100 zinapojilipa. Simu ibaki mfukoni. Kupiga picha na kurekodi ni marufuku. Kaptura, kandambili na nguo za michezo zitakurudisha mlangoni.

Nunueni tiketi kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe. Dalali huongeza usafiri wa basi na bei, kiti ni kilekile.

Onyesho la saa 5 huisha karibu saa 7 usiku, wakati treni za mwisho za metro (treni za mjini) zinakaribia kuondoka, isipokuwa Ijumaa na Jumamosi zinapochelewa zaidi. Kituo cha Blanche, njia namba 2, kiko mbele ya mlango. Nendeni moja kwa moja. Upande wa Pigalle, mtaa jirani wa baa, kuna wapiga debe wa baa wanaokuita uingie bure, kisha bili ya vinywaji viwili inakuja na tarakimu za kutisha, na mabaunsa wameziba mlango.

Asiyetaka lolote kati ya haya apite jioni taa zikiwaka. Mapanga ya kinu cha upepo kilicho juu ya jumba, yaliyoanguka Aprili 2024 yalirudishwa Julai mwaka huohuo, na kuyapiga picha ukiwa barabarani hakuna kiingilio.

Wapanga safari,
Dar es Salaam