Kiti cha makamu: barua kwa mwenzangu wa Mombasa

Dar es Salaam,
2 Februari 2025

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi, wewe na wote hapo nyumbani. Huku hatujambo, ila joto linatutoa roho.

Umeniuliza huyo Nchimbi, mgombea mwenza mpya wa Rais Samia, katokea wapi. Hata sisi tulishtukizwa. Wajumbe wa CCM, chama tawala, walikwenda Dodoma kumchagua makamu mwenyekiti wa chama, wakarudi na mgombea urais na mgombea mwenza juu, kwa kuwa Dk. Mpango, makamu wa Rais, ameomba kupumzika.

Kwetu nusu ya uteuzi hufanywa na ramani. Ibara ya 47 ya Katiba inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke wa pili. Tangu 1995 hadi Magufuli, marais walikuwa wa Bara na makamu wa Zanzibar: Dk. Omar, Dk. Shein, Dk. Bilal, halafu Mama Samia. Tukiwaona wakifungua semina, wakipanda miti, wakimwakilisha Rais nje. Ugomvi na mtu hawana, na wengi hatukuwatazama mara mbili.

Mama Samia alipotajwa 2015, mtaani tulisikia kawekwa kwa kuwa ni mwanamke na Mzanzibari, basi. Mimi nilikuwa nimemwona 2014 kwenye Bunge Maalum la Katiba, akiwa makamu mwenyekiti. Wajumbe wanarushiana maneno, yeye sauti haipandi. Kisha Novemba 2017 akaenda hospitalini Nairobi kumjulia hali Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani aliyepigwa risasi Septemba. Unazikumbuka siku zile. Kwa kiongozi wa serikali, kuonekana kando ya kitanda cha Lissu halikuwa jambo dogo. Picha ile ilinieleza mengi kuliko hotuba zake zote za wakati huo.

Machi 2021 ndiye aliyetutangazia kifo cha Magufuli, na siku mbili baadaye akaapishwa kumalizia muhula mzima uliobaki, bila kura nyingine kupigwa. Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana tulimchagua nani hasa 2020.

Ninyi mlikwenda kinyume chetu. Gachagua, aliyekuwa naibu rais wenu, alichukuliwa kwa kura za Mlima Kenya na kwa mdomo wake, na mdomo huohuo, na yale maneno yake kwamba serikali ni kama kampuni yenye wanahisa, ukaingizwa kwenye mashtaka Oktoba iliyopita hadi Seneti ikamng'oa. Wanaotaka mpiga debe wa kampeni wasije wakashangaa akiendelea kupiga debe ofisini.

Sasa Nchimbi. Ni mtu wa Songea, katibu mkuu wa chama, amewahi kuwa balozi Brazil na Misri. Linalonivutia ni jingine: 2015, jina la Lowassa, waziri mkuu wa zamani, lilipokatwa kwenye mbio za kugombea urais kupitia CCM, yeye na wajumbe wenzake wawili wa Kamati Kuu ya chama walitoka mbele ya waandishi wakasema hawakubaliani. Mtu aliyewahi kubisha hadharani, leo anaandaliwa kiti cha kupanda miti! Wenzangu kazini wanasema ameshatulia. Natumaini hajatulia sana, maana Rais anahitaji mtu wa kumwambia hapana, hata kama ni mlango ukiwa umefungwa.

Niandikie Profesa Kindiki, aliyechukua nafasi ya Gachagua, watu wa Pwani wanamwonaje. Na mwambie mama achar ya maembe imefika salama, imebaki nusu chupa.

Wako akupendaye