Salamu za Krismasi: Amani Kwanza, na Pili Je?

Kwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani wetu wa zamani wa Molo, nawasalimu katika jina la Bwana. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha mwaka ambao unga, mafuta ya kupikia na karo vimetukaba koo, na ambao nauli ya kwenda nyumbani, kama ada ya Desemba, imepanda kabla hata hatujafunga mizigo. Wasafiri wafike salama, wagonjwa wapate afueni, waliofiwa wafarijiwe.

Miongoni mwa waliofiwa nimo. Mama alitutoka mwezi wa Machi, na hii ndiyo Krismasi ya kwanza ambayo hakuna wa kunikemea kwamba chapati zangu ni ngumu. Tulipokuwa tukikunja nguo zake tulikuta kwenye pindo la leso ufunguo wa kufuli, umefungwa fundo. Ulikuwa wa nyumba aliyoifunga mwanzoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipotufikia, tukakimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru, nayo ikachomwa usiku uleule. Baadaye alipokea shilingi 10,000 za serikali za kurudia kwake. Zile 25,000 za kujengea aliandikishwa mara mbili na hakuziona.

Sisemi mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 yalikuwa mabaya. Siku Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walipotia sahihi mbele ya mpatanishi Kofi Annan, kambini tulilia kwa furaha, Mama akiwa wa kwanza, maana watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kufa. Mapanga yawekwe chini kwanza: hilo ni neno la hekima, na hata waliotunga Mkataba wa Roma mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walilijua, ndiyo maana kifungu cha 16 kinaliruhusu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kusimamisha kesi kwa miezi 12, na kuongeza muda huo. Lakini asemaye "kwanza" ameahidi "pili", na kwetu ya pili haikufika. Bunge lilikataa mahakama maalumu ya kuhukumu ghasia hizo Februari 2009, mambo yakaenda The Hague kwenye mahakama hiyo ya kimataifa, na kufikia Aprili 2016 kesi za washukiwa wote sita zilikuwa zimeanguka. Sisemi walikuwa na hatia. Nasema mwenye nyumba alizikwa bila kuambiwa ni nani aliyeichoma.

Nakumbuka pia tarehe 27 Agosti 2010, tulipokuwa tukishangilia katiba mpya na Sheria yake ya Haki, tukamwona pale Uhuru Park Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, ambaye hati ya mahakama hiyohiyo ya kumkamata kwa mauaji ya Darfur ilikuwa imetimiza zaidi ya mwaka mmoja. Tuliambiwa ni kwa ajili ya utulivu wa ujirani. Tangu Aprili 2023 majirani hao wanauana, na jeshi moja kati ya mawili yanayopigana limetokana na wanamgambo walewale waliofanya mauaji ya Darfur.

Basi, wapendwa, tusidanganyike. Malaika waliimba amani Bethlehemu, na muda si muda Herode akatoa amri, wazazi wakawa wakimbizi Misri; naye Herode, nadhani, kazi ile aliiita kudumisha usalama. Sisi wenyewe katika wimbo wa taifa tunaomba haki iwe ngao na mlinzi kabla hatujafika kwenye amani. Wanaokwenda Addis Ababa, Geneva na New York kupatanisha watu waandike tarehe ya haki kwenye karatasi ileile waliyoandikia ya kusitisha vita, na sisi wazazi tusiwafundishe watoto kunyamaza, kisha tukakuita kunyamaza huko malezi mema.

Nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri na fanaka. Tarehe 25 tutakuwa Molo, kiwanja kilekile, mabati yamekwisha kupanda. Ule ufunguo nimeutundika kwenye msumari karibu na mlango. Mwenye kupita apite. Chapati zitakuwapo, ngumu hivyohivyo.