Tishu ya Faibaglasi Haipozi Nyumba Peke Yake: Soma Kabla Hujanunua Roli

Jua la Septemba na Oktoba likishaikamata Tabora, kabla mvua hazijaanza, swali dukani kwetu huwa ni lile lile. "Mna ile karatasi nyeupe ya faibaglasi ya kuweka juu ya silingi? Nyumba haikaliki." Anayeuliza ameiona kwa jirani, au fundi amemwandikia kwenye orodha ya vifaa kwa mkato tu: tishu, roli mbili. Tungeweza kukata roli, tukapokea hela na kunyamaza. Shida ni kwamba akishaitandaza juu ya dari, saa nane mchana chumba kitakuwa na joto lile lile, na jina litakaloharibika mtaani ni la duka, si la fundi.

Basi tuseme wazi. Tishu ya faibaglasi, iwe imepakwa au haijapakwa, haizuii joto kwa kiasi cha kukufaa. Kazi yake ni kuvisha vitu vinavyozuia joto. Foronya ni muhimu, ila kinachobeba kichwa ni pamba iliyomo ndani.

Sababu yake ni unene. Kinachozuia joto kwenye sufu ya kioo, ile ya njano inayouzwa kwa maroli makubwa, ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi ikatulia. Hewa ikitulia haipitishi joto kwa urahisi. Sufu tunayowashauri watu walaze juu ya dari ina unene wa milimita 50 na kuendelea, wakati tishu nyingi hata milimita moja hazifiki. Ukiwa na tishu ya nusu milimita, itabidi upange tabaka 100 ndipo ufikishe sentimita 5. Kwa bei ya tishu, bora ununue feni.

Wajenzi wa zamani wa huku Unyamwezi walilimaliza suala hili kwa udongo. Nenda Kwihara ulitazame tembe, pale alipokaa Livingstone mwaka 1872: kuta nene na dari iliyoshindiliwa udongo juu ya miti. Joto la mchana linachelewa kupenya mpaka jua linazama. Bati la geji 30 halicheleweshi kitu. Likipata jua, upande wa chini nao unamimina joto juu ya silingi yako, na silingi inalishusha kichwani kwako.

Sasa, kama haizuii joto, tishu ni ya nini?

Tuanze na inavyotengenezwa, maana hapo ndipo tofauti ya bei inapotokea. Kioo kinayeyushwa na kuvutwa kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi zinakatwa vipande vifupi, zinachanganywa kwenye maji mengi, kisha zinamwagwa juu ya mkanda wa wavu unaotembea. Maji yanachujika, nyuzi zinabaki zimelala ovyo ovyo kila upande, zinatiwa gundi na kukaushwa. Hiyo ndiyo tishu ya kawaida. Ukiinua kipande kwenye mwanga unaona nyuzi zake, na ukikiweka mdomoni ukapuliza, pumzi inatokea upande wa pili.

Iliyopakwa imeongezewa hatua moja. Upande mmoja hupakwa mchanganyiko wa unga laini wa mawe ya chokaa, au udongo mweupe wa kaolini, pamoja na gundi inayoushikilia. Ukipitisha kidole gumba unahisi ulaini, na wakati mwingine unga kidogo unabaki kidoleni. Geuza upande wa pili, nyuzi zinakukwaruza. Puliza tena: pumzi inapita kwa taabu sana, au haipiti kabisa. Jaribio hilo lifanye hapo hapo kaunta, kwetu au kwa muuzaji mwingine, kabla hujalipia bei ya iliyopakwa.

Kuziba matundu huko ndiko kunakolipiwa. Kwenye bodi za povu gumu za kuzuia joto, povu humiminwa likiwa bado majimaji; likikuta tishu yenye matundu linavuja hadi nje na uso wa bodi unaharibika. Iliyopakwa inalizuia ndani. Na kwenye vipande vya sufu ya kioo vya kumbi na studio, tishu, mara nyingi nyeusi, inashika nyuzi zisipukutike na kuangukia watu. Kwa ukumbi au nyumba ya ibada yenye mwangwi, hiyo ya pili ndiyo ya kuulizia, ila hapo usitake ile iliyozibwa kabisa. Sauti lazima iingie kwenye sufu ndipo imezwe.

Bodi za jipsamu: hapa ndipo tishu inalipa

Wateja wetu wengi wa jipsamu wananunua bodi iliyovikwa karatasi pande zote mbili. Ni nzuri, ni nafuu, rangi inakaa vizuri, na sebuleni hatuna ugomvi nayo. Ugomvi unaanza mahali penye maji. Karatasi ni chakula. Ikipata unyevu inaota ukungu mweusi, na mchwa wa huku kwetu hawahitaji kualikwa mara mbili. Wanapanda na ukuta kwa vichuguu vyao vya udongo, wanaingia darini, wanakula karatasi upande wa juu usiouona. Unakuja kugundua siku rangi ya chini inapoanza kubonyea. Ongeza popo. Mikojo yao ikilowesha karatasi muda mrefu, doa linalotokea halizibwi kwa mkono mmoja wa rangi.

Bodi iliyovikwa tishu ya faibaglasi badala ya karatasi haina chakula cha ukungu wala cha mchwa. Kioo hakiozi, na mchwa hawakitafuni. Dukani tuna beseni lenye vipande viwili vimelala kwenye maji, kimoja cha kila aina. Cha karatasi huanza kuvimba pembeni, halafu karatasi inajiachia unaivua kwa kucha. Cha tishu uso wake unabaki umeshika. Ila angalia na tumbo la bodi, maana jipsamu yenyewe hunywa maji kama haikuchanganywa na dawa ya kuyakataa. Dondoshea maji kwenye ukingo uliokatwa uone kama yanazama au yanasimama.

Mteja wa Ujiji au Kibirizi kule Kigoma, ambako hewa ya ziwa ina unyevu kuliko huku kwetu, tunamwambia hivi: weka bodi ya tishu bafuni, jikoni na barazani. Vyumba vya kulala na sebule, kama paa halivuji, weka ya karatasi uokoe hela. Na kama paa linavuja, ziba paa kwanza. Kuna mzee alitaka tumfungie bodi za tishu nyumba nzima kwa sababu mabati yake yametoboka kwenye misumari. Tulimuuzia misumari yenye mpira na gundi ya kuzibia. Bodi alikuja kuchukua baadaye, za bafuni tu.

Mchwa nao tusidanganyane. Wakikosa karatasi watakula mbao za blandarini zinazoshikilia silingi, na kenchi, kwa hiyo dawa ya mbao iko pale pale.

Kuna jambo la umaliziaji fundi wako alijue mapema. Tishu isiyopakwa huacha uso wenye nyuzi, na ukipiga rangi moja kwa moja zinaonekana zote, hasa taa ikiwa ya pembeni. Itabidi askimu uso mzima, yaani aupake plasta laini ya kusawazisha. Yenye upande uliopakwa unaoonekana nje inapunguza kazi hiyo, na mara nyingi inatosha kuskimu viungo tu juu ya tepu ya wavu. Unapopatana hela ya ufundi, muulize amehesabu ipi.

Simenti na kioo

Hapa mafundi wetu wanakosea sana. Nyufa za lipu wanazifunika kwa tishu ya kawaida, kisha wanapiga simenti juu. Simenti mbichi ina ukali wa alkali unaokula kioo cha kawaida polepole, hivyo ile tishu inapoteza nguvu ndani ya ukuta na ufa unarudi. Kwa kazi ya simenti, omba wavu wa faibaglasi uliopakwa kinga ya alkali, au uliotengenezwa kwa kioo chenye zirkoniamu, na umwambie muuzaji neno hilo la alkali. Akikushangaa, nenda duka lingine. Tishu ya kawaida ibaki kwenye jipsamu, rangi na lami.

Kuhusu lami: wenye nyumba za paa la zege, shiti nyingi za lami zina kiini cha tishu ya kioo au cha poliesta. Kioo hakivutiki, kwa hiyo shiti inatulia bila kujikunja. Lakini zege likicheza, inachanika. Mahali penye ufa au kiungo kinachotembea, chukua ya poliesta.

Inawasha, lakini si asbesto

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, na tunalipenda. Watu wanakumbuka majengo ya zamani yenye paa za asbesto na wanaogopa kuingiza kitu kibaya ndani. Asbesto iko kwenye kundi la 1 la shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yaani imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sufu ya kioo ya majengo na nyuzi za kioo zinazotengenezwa kwa kuvutwa zilipitiwa upya mwaka 2001 na kuwekwa kundi la 3, lile la vitu ambavyo ushahidi haukutosha kuviita visababishi vya saratani. Nyuzi za tishu ni nene kiasi kwamba kwa kawaida hazifiki ndani kabisa ya mapafu.

Kuwasha, zinawasha kweli. Fundi avae mikono mirefu, glovu, miwani na barakoa, akate kwa kisu kikali badala ya msumeno, na akimaliza ajimwagie maji kwanza bila kujisugua. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Usizichanganye na za mtoto.

Na moto? Kioo hakiwaki, wala unga wa chokaa hauwaki. Jipsamu ina maji yaliyofungwa ndani yake, kama asilimia 21 ya uzito, na moto ukija hutoka kama mvuke na kuuchelewesha. Lakini bodi ya povu iliyovikwa tishu bado ni povu, na povu linawaka. Usiiache wazi jikoni kwa sababu tu umeona uso wake ni wa kioo.

Ukija kwa ajili ya joto

Mjulishe fundi kwamba sufu inalazwa juu ya dari bila kukandamizwa. Ya milimita 50 ukiibana hadi 20 umetupa sehemu kubwa ya ulichonunua. Upande wenye tishu uelekee chini, vipande vigusane bila kuacha upenyo, na kando ya taa za kuzama, zile zilizofichwa ndani ya silingi, paachwe nafasi, maana taa hizo zinahitaji kupumua. Matundu ya hewa karibu na fasha bodi, ile mbao ya ukingo wa paa, yasizibwe. Watu wengi huyaziba kwa kuogopa popo. Weka wavu, usiweke mbao.

Tuletee urefu na upana wa kila chumba, picha ya kenchi kutoka kwenye mlango wa darini, aina ya silingi iliyopo, na utuambie vyumba vipi ni bafu na jiko. Bodi za tishu hatuweki nyingi stoo, kwa sababu zinakuja kwa lori kutoka Dar es Salaam na kona zake huvunjika njiani zikipakiwa vibaya. Ukiagiza, njoo uzihesabu na kuzikagua zikiwa bado juu ya gari. Iliyovunjika kona hatukupi, na hela yake hulipi.