Shosho ameingia Thogoto

Beshte yangu,

Pole kwa kunyamaza, wiki yote nilikuwa mbio za harusi ya kasini wangu. Na hutaamini, ndoa ilifungwa Thogoto kule Kikuyu, pale kanisa la Church of the Torch, na shosho akaja! Yeye ambaye tangu nimjue akipita hapo anageuza uso.

Si unajua jina Thogoto ni Scotland, ni vile wazee wetu ndimi ziligoma. Wamisheni wa huko Scotland walianzia Kibwezi 1891, malaria ikawachapa, 1898 wakapanda huku kwa baridi. Thomas Watson akafa 1900 kwa nimonia, na alikuwa amemuoa Minnie kule Mombasa mwaka uliotangulia tu. Huyo mama akakataa kurudi kwao, akafundisha hapo mpaka 1931. Mimi namvulia kofia. Kenyatta pia ni mtoto wa hapo, walimbatiza 1914.

Sasa maneno ya shosho ni ya 1929. Dakta Arthur, mkubwa wa misheni, alitaka washirika waape kukataa tohara ya wasichana, na pia wajitoe KCA, kile chama cha Wakikuyu cha kudai mashamba, unachovya kidole gumba kwa wino unabonyeza karatasi, ndio ile kirore. Kwa hayo ya kisu naona Arthur alikuwa sawa kabisa, lakini kuingiza chama ndani hapo ndipo alikoroga uji, watu wakasema kumbe hawa wanataka tunyamaze kuhusu mashamba. Wakatoka wengi sana, watoto wakatolewa shule, wakajenga zao za Karing'a, zisizo chini ya wamisheni. Hebu fikiria, jiwe la msingi la hilo kanisa kubwa lilikuwa limewekwa 1928, wakaendelea kujenga tu, likafunguliwa 1933 na baba ya shosho hayumo ndani, alikataa kuweka kidole na hakurudi tena mpaka akazikwa.

Basi ibada ikaisha, tukaitwa kutia sahihi, na bibi harusi alikuwa ameng'ang'ania shahidi wake awe shosho. Mzee wa kanisa, kijana tu, kwa heshima zote akamsogezea kile kikopo cha wino, "Shosho, weka kidole tu hapa." Wee! Shosho akakunja ngumi akaificha ndani ya leso. Akaitisha kalamu. Tulisimama hapo karibu dakika tano, foleni nyuma, fotografa anaguna, yeye anachora jina lake herufi moja moja, ile ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Picha nakutumia jioni nikipata bando.

Wako yule yule.