Miche yako chini ya mwembe

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Ama baada ya salamu, sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini.

Umeniandikia kuwa miche yako ya nyanya hapo Bagamoyo, ile ya chini ya mwembe, imerefuka na kuwa myembamba kama uzi, nawe unataka kuiongezea mbolea. Mbolea iache kwanza. Miche ile inakimbia kivuli, na namna inavyokimbia ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika elimu ya mimea.

Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, lakini wekundu wa mbali, ule ambao macho yetu karibu hayauoni, huupitisha. Basi chini ya mwembe wekundu wa kawaida ni haba, ule wa mbali tele, na mche unaupima uwiano huo. Ndani ya seli zake mna protini iitwayo fitokromu. Ikipata mwanga mwekundu, ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 660 hivi, huamka. Ikipata ule wa mbali, wa nanomita 730, hulala tena. Mwaka 1952 Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao kule Beltsville, Marekani, waliliona hilo kwa mbegu za saladi. Walipozimulikia mwekundu ziliota, wakifuatisha ule wa mbali zinagoma. Hata wakiipokezanisha mianga hiyo miwili mara nyingi, mwanga wa mwisho ndio ulioamua.

Sasa sikiliza uhondo wenyewe. Fitokromu ikiamka huingia kwenye kiini cha seli, ziliko jeni, ikazikamata protini zinazoamuru shina lirefuke. Protini hizo huvunjwavunjwa, na jeni za kurefuka hunyamaza. Kivulini fitokromu nyingi zimelala, kwa hiyo protini zile zinasalia, zinashika DNA, zinaamsha jeni za kutengeneza homoni ya oksini, na shina linapanda kulitafuta jua. Yaani rangi tu ya mwanga inaamua jeni ipi isomwe na ipi iachwe! Mimi hili halinichoshi kulifikiri.

Joto nalo lina mkono wake, na pwani yetu unaijua. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba fitokromu B, mojawapo ya aina za fitokromu, hulala upesi zaidi usiku ukiwa wa joto, na shina likarefuka kama lilivyofanya kivulini.

Basi ihamishe miche, na uipe nafasi kabla haijagusana, kwa sababu hata majani ya jirani huurudisha ule wekundu wa mbali na kuitia wasiwasi. Ukiihurumia kwa jua la saa saba, iwekee chanja la makuti makavu yaliyoachana. Hayauchuji mwanga kama lifanyavyo jani bichi. Iliyokwisha kurefuka usiitupe. Nyanya hutoa mizizi shinani, kwa hiyo unapoihamishia shambani ifukie mpaka karibu na majani ya chini.

Nibusie watoto.

Wako,
Mwanaidi