Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Meli za Mafuta na Nafasi Kati ya Maganda Mawili

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ya ufundi ilishughulikia zaidi meli za mafuta zenye maganda mawili, yaani kuta mbili za chuma zenye nafasi katikati.

Chanzo cha sharti la maganda mawili mnakijua. Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez, yenye ganda moja, ilipanda mwamba Alaska. Matangi 8 kati ya 11 yalitoboka, na mafuta ghafi yapatayo lita milioni 40 yakamwagika. Leo MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, inataka meli ya kubeba tani 5,000 na zaidi iwe na nafasi kati ya shehena na bahari. Upana wa ubavuni ni mita 0.5 jumlisha tani ambazo meli hubeba zikigawanywa kwa 20,000. Kina cha nafasi iliyo chini ya shehena ni upana wa meli ukigawanywa kwa 15. Havipungui mita 1, wala sheria haidai zaidi ya mita 2. Hivyo meli ya tani 15,000 yenye upana wa mita 22 huhitaji mita 1.25 ubavuni na 1.47 chini. Nafasi hiyo inatosha meli ikikwama polepole. Ikigongana kwa kasi, usiitegemee: meli ya mafuta Sanchi ilikuwa na maganda mawili, na mwaka 2018 iliungua na kuzama.

Nafasi hiyo ndiyo tangi la balasti, yaani maji ya bahari ya kuisawazisha meli, na humo ndimo meli inamoharibikia. Chuma hulowa maji ya chumvi na kukauka kila safari, huku shehena ya moto ikitunzwa joto kama chai ndani ya chupa. Kutu hupenda hivyo. Rangi ya epoksi hutakiwa kufika unene wa maikroni 320 (milimita 0.32), lakini ikiwa mbichi huzikimbia kingo kali. Ndiyo maana kingo huchongwa ziwe na mviringo wa milimita 2, kisha hupakwa kwa brashi mara mbili za ziada. Mkaguzi anayemulika katikati ya bamba anapoteza betri. Amulike kingo, mishono ya kulehemu na matundu ya kupitishia maji.

Ufa mdogo kwenye ganda la ndani huingiza mafuta kwenye balasti. Tazama kama maji yana utando wa mafuta kabla ya kuyamwaga. Kabla mtu hajaingia tangini, pitisha hewa, kisha pima juu, katikati na chini, maana mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa: oksijeni asilimia 21, gesi isizidi asilimia 1 ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kulipuka.

Pendekezo la kununua vipima unene wa chuma kwa matumizi ya wanachama litapigiwa kura baada ya taarifa ya mhazini.